Picha ya Matano

Magogoni, Kisauni
7 Februari 2024

Kwako mwanangu Kache,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mamako anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara inayochimbwa, lakini Jumapili alikwenda kanisani na akarudi kwa miguu yake. Twatumai nawe u mzima, na kazi inakwenda.

Nakuandikia kwa sababu ya habari ya Jumatatu saa moja. Tulikuwa sebuleni kama siku zote tunapokungoja usome habari: mimi, mamako, Matano na mkewe Emmaculate, na Justus wa nyumba ya pili. Unajua mimi sauti ya televisheni siipati. Mashine za dobi pale hotelini Shanzu zilinila masikio miaka thelathini na moja. Basi hutazama picha na kusoma maandishi yanayopita chini. Ulivaa koti la buluu. Nyuma yako ikatokea picha ya mtu ameshika panga, na chini yake: MSHUKIWA WA GENGE LA MAPANGA KISAUNI ASAKWA.

Mtu huyo alikuwa Matano.

Nilidhani macho nayo yameanza kuniacha. Nikageuka. Matano ameketi palepale na kikombe cha chai, anaitazama sura yake mwenyewe. Justus akaweka kikombe chini, akaaga, akaenda zake bila kumaliza chai.

Kache, Matano ni mimi niliyempeleka kwa msimamizi wa dobi mwaka niliostaafu. Nilisema huyu ni mtu mwaminifu, mpeni mashine yangu. Mwaka wa sita huu hajakosa zamu. Kuna kosa limetendeka huko kwenu. Liangalie, ulirekebishe.

Ni mimi babako,
Katana Ngowa

*

Nairobi
10 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo wewe na mama. Mimi sijambo, ila baridi ya asubuhi huku bado sijaizoea. Mama anywe maji ya tangawizi na asifagie uani bila kujifunga leso puani.

Nimeipata barua yako, na nimeisoma mara mbili. Baba, ninaposoma habari siioni picha iliyo nyuma yangu. Macho yangu yako kwenye maandishi yaliyo mbele yangu. Lakini nimemuuliza Kyalo, ambaye ndiye anayepanga picha za habari, akaniambia ile ilitoka kwa polisi. Kituo chetu hakitoi picha ya mtu bila kuthibitisha. Tungefanya hivyo, tusingekuwa hapa tulipo.

Sisemi Matano ni mwizi. Namjua, na Emmaculate namjua. Ila mimi nimeondoka Magogoni mwaka wa nane sasa, na mtu hubadilika usijue. Mwambie aende mwenyewe kituo cha polisi ajieleze. Kama hana hatia watamwacha.

Najua ni vigumu kwako kwa sababu wewe ndiye uliyemdhamini. Usijilaumu.

Mwanao,
Kache

*

Magogoni, Kisauni
14 Februari 2024

Mwanangu Kache,

Marahaba. Mamako kikohozi kimepungua, na tangawizi amekunywa. Mimi pia mzima.

Uliyoniandikia nimeyafanya. Jumatatu niliandamana na Matano hadi kituo cha polisi. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa saba. Afisa wa zamu alifungua kitabu chake, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Akasema hakuna mtu wa jina hilo anayetafutwa, na picha hawakumpa mtu yeyote. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi kwa sababu sikusikia vizuri. Akaandika. Karatasi ninayo.

Basi huyo Kyalo alikuambia neno, nawe ukaniandikia mimi babako kana kwamba umeliona.

Nikueleze hali ilivyo. Siku ya Alhamisi hoteli ilimwambia Matano akae nyumbani kwanza. Emmaculate ana meza yake ya vitambaa sokoni, na sasa wanaokuja ni wale wanaotaka kumtazama tu, hawanunui. Mtoto wao Sarah ameulizwa shuleni kama babake analala na panga.

Nilikwenda kwa Justus. Nilimwambia hii habari si kweli, mimi ndimi nakuambia. Tumekuwa majirani miaka ishirini, na alipofiwa na mkewe mimi ndiye niliyesimamia mazishi. Alinijibu taratibu, akinielekezea mdomo ili niusome:

"Mzee Katana, angekuwa mtangazaji mwingine ningekataa. Lakini aliyesema ni Kache. Kache wetu hawezi kutudanganya."

Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu.

Usiniambie tena nani alisema picha imetoka wapi. Itazame wewe kwa macho yako.

Babako,
Katana

*

Nairobi
21 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai mko wazima wote. Mimi mwili mzima.

Nimeitazama. Ilinichukua chini ya dakika moja kuijua. Ule ukuta nyuma ya Matano ni wa kanisa letu, na pale aliposimama ni kwenye mtaro wa Magogoni. Nikaingia kwenye maktaba ya picha, nikaitafuta kanda nzima. Ni ya Machi mwaka jana. Mpiga picha na mimi tulikuja kutayarisha habari ya vijana na wazee wa mtaa waliojitolea kuzibua mitaro kabla ya mvua. Unakumbuka, nililala nyumbani siku mbili.

Kwenye kanda nasikika nikimuuliza jina lake. Anasema, "Matano Masha. Tunakata haya majani ili maji yapite, mwaka jana yaliingia majumbani." Kisha anacheka, anainua panga aonyeshe lilivyokuwa butu. Hapo ndipo picha ilipokatwa. Mtu alitaka picha ya panga na Kisauni, akaandika maneno hayo mawili kwenye kompyuta, ikamletea Matano. Kyalo anasema alidhani ilitoka kwa polisi kwa sababu habari yenyewe ilitoka kwao.

Kwa hiyo, baba, picha niliichukua mimi, habari niliisoma mimi, na uliponiuliza nilikujibu bila kuitazama. Kisha nikakuambia mtu hubadilika. Naomba unisamehe kwa hilo.

Nimeipeleka kanda kwa Agneta, mhariri wetu. Alikasirika sana, kwanza kwa Kyalo, halafu kwa mwanasheria wa kituo, aliyesema tusitaje jina la mtu tusije tukashtakiwa. Mwishowe wamekubali kutoa masahihisho Jumamosi, habari ya saa saba mchana. Picha wameshaiondoa kwenye mtandao. Mwambie Matano na Emmaculate watazame.

Mwanao,
Kache

*

Magogoni, Kisauni
27 Februari 2024

Kache,

Sisi tu wazima. Wa kutajwa ni Matano, naye hajambo kwa kusema tu kwamba anapumua.

Jumamosi tulikaa mbele ya televisheni tangu saa sita na nusu. Niliwaita watu. Wengi walikuwa kazini saa hiyo, wengine hawakutaka kuja, lakini Matano alivaa shati safi. Habari ikaanza, ikaisha. Mimi sikuona kitu. Hakukuwa na picha wala andiko. Nilimtazama Emmaculate, naye akaniambia yule msomaji alisema mwishoni kwamba picha iliyotumika katika habari ya awali "haikuhusiana moja kwa moja" na tukio. Hakusema picha gani wala ya nani. Emmaculate alihesabu, anasema ni muda wa kuvuta pumzi mara tatu.

Mlikosea kwa picha, kwa herufi kubwa, saa ambayo Kisauni yote iko nyumbani. Mkasahihisha kwa mdomo, mchana, watu wako kazini. Hata aliye na masikio hakujua mnasema nini.

Lakini Matano alijua. Alifurahi. Alisema sasa jina limesafishwa. Tangu hoteli imwambie akae nyumbani alikuwa hatoki hata dukani, nywele zimemjaa. Basi Jumapili baada ya kanisa akaenda kwa kinyozi kando ya barabara ya Malindi. Kulikuwa na watu pale wasiomjua ila kwa televisheni. Walimpiga kwa mbao na mawe. Asingekuwa Achieng, yule muuza samaki, aliyemvuta ndani ya kibanda chake na kufunga mlango, leo ningekuandikia habari za matanga. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Kichwani ameshonwa.

Leo asubuhi amepelekwa kwa mamake Kaloleni. Emmaculate amebaki kwa ajili ya shule ya Sarah. Nilikwenda kumwona nikamkuta anaosha lile shati. Hakuniitikia salamu.

Usiniandikie mpaka uwe na jambo la kunieleza.

Katana

*

Nairobi
18 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Mama aliniambia kwa simu kwamba wewe mzima, na kwamba televisheni umeifunika kitambaa.

Sikuandika kwa sababu ulinikataza, na kwa sababu sikuwa na jambo. Nimemwendea Agneta mara tatu. Mara ya kwanza alisema masahihisho yalishatolewa, kesi imekwisha. Mara ya pili nilimwonyesha barua yako kuhusu Matano. Aliisoma yote, akasema ataongea na wakubwa. Mara ya tatu aliniambia wakubwa wamekataa: kumtaja Matano sasa ni kukiri kwamba kipigo kilitokana na sisi. Nikamwambia kilitokana na sisi. Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Usiku silali vizuri, lakini si wewe wa kuelezwa hayo. Matano ndiye asiyelala.

Ijumaa tarehe 22 habari ya saa moja nasoma mimi. Naomba siku hiyo utoe kitambaa. Mwite Emmaculate, na Justus, na kila mtu aliyekuwepo. Sitaki kuandika zaidi, nisije nikaogopa.

Mwanao,
Kache

*

Magogoni, Kisauni
25 Machi 2024

Mwanangu Kache,

Marahaba. Mamako hajambo. Mimi pia.

Nilitoa kitambaa. Emmaculate alikuja, ila hakukaa, alisimama nyuma ya kiti changu na Sarah. Achieng alikuja na harufu yake ya samaki. Justus alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Ulisoma habari ya bunge, na ya bei ya unga, na ya ajali. Nilikuwa natazama mikono yako. Halafu nikaona umeacha kusoma, umeinama, umetoa karatasi chini ya meza na kuishika kando ya uso wako. Ilikuwa ile picha ya mtaroni, na chini yake umeandika kwa kalamu nzito, kwa mkono wako mwenyewe, nami mwandiko wako naujua tangu darasa la kwanza: HUYU NI MATANO MASHA WA MAGOGONI. SI MWIZI. TULIKOSEA.

Niliyasoma yote. Ulishika karatasi muda wa kutosha mzee kusoma. Midomo yako ilikuwa inakwenda, na baadaye Achieng alinieleza ulisema kwamba picha uliichukua wewe, habari uliisoma wewe, na hukutazama. Kisha ukakatwa, likaja tangazo la sabuni.

Mamako alilia. Justus aliondoka, lakini safari hii nilimwona akienda nyumba hadi nyumba, anagonga.

Emmaculate nilimuuliza anasemaje. Aliniandikia kwenye simu yake ili nisome: "Amechelewa wiki sita." Akamshika Sarah mkono, wakaenda nyumbani.

Sitakuambia amekosea. Lakini mimi ni babako, na nilikuona. Niambie wamekufanya nini.

Babako,
Katana

*

Nairobi
9 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi kupata mwandiko wako. Mvua zimeanza huku, natumai paa la jikoni halivuji.

Walinisimamisha kazi wiki mbili. Nilidhani wangenifukuza, lakini watu walipiga simu kituoni, wengi, na wengi wao walisema ni mara ya kwanza kuona televisheni ikisema imekosea. Basi wamenirudisha, ila si mbele ya kamera. Nimewekwa kwenye maktaba ya picha. Kazi yangu ni kutazama kanda za zamani na kuandika kila aliyemo ni nani, wapi, siku gani, alikuwa akifanya nini. Ziko nyingi kuliko umri wangu. Kiti changu amepewa msichana anayeitwa Janice.

Sikulalamika. Mshahara umeshuka lakini nakula.

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili. Ya kwanza ni ya hoteli, imeandikwa kwenye karatasi ya kituo na kutiwa muhuri. Inasema wazi Matano hakuwahi kuwa mshukiwa wa jambo lolote. Agneta ameitia sahihi. Nilimkuta ofisini peke yake, nikaiweka mezani, akaisoma, akauliza kama mkono wa yule mtu utapona. Nikamwambia sijui. Akatia sahihi.

Ya pili ni ya Matano. Sikumwomba anijibu.

Mwanao,
Kache

*

Magogoni, Kisauni
20 Mei 2024

Mwanangu Kache,

Salamu sana. Mafuriko yametutesa lakini nyumba imesimama, na paa la jikoni Matano amelipiga misumari kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo, amerudi. Barua ya hoteli niliipeleka mwenyewe Shanzu. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama, na wiki iliyofuata Matano akaitwa. Mkono umeunga vibaya, hawezi kuinua mashuka yaliyolowa, basi wamemweka kukunja. Anasema si kazi ya mtu wa miaka thelathini na minne, ila anaifanya. Justus alikwenda kumwomba radhi. Alikaribishwa kiti. Barua yako Matano aliisoma, akaikunja, akaiweka kabatini, akasema, "Mwambie nimeipata." Emmaculate hakutaja jina lako.

Sasa kuna jambo, na haliwezi kungoja barua ifike kwa basi. Baada ya mafuriko tuligawiwa chupa za dawa ya kutibu maji, kila nyumba moja, kwa sababu visima vimeingia uchafu na watoto wanaharisha. Jana saa moja yule Janice wenu alisema dawa hiyo ni sumu, imewadhuru watu. Andiko lilipita chini, nililiona mwenyewe. Wengine wamekwisha kuimwaga, na maji wanakunywa hivyohivyo. Wengine wanasema ni uongo, televisheni hizi tunazijua.

Leo asubuhi watu walijaa uani kwangu. Nilidhani kuna msiba. Walitaka niwaambie kama ni kweli. Mimi nitajuaje? Nikasema sijui. Ndipo Emmaculate, aliyesimama kando ya ukuta, akaja mbele yangu nimwone mdomo, akasema:

"Muulize Kache."

Yeye ndiye anayepiga picha karatasi hii akutumie kwa simu yake. Basi nakuuliza. Ni kweli au si kweli? Tuimwage au tuitumie?

Babako,
Katana

*

Nairobi
21 Mei 2024, saa tisa alasiri

Baba,

Shikamoo wewe na mama. Mimi mzima. Wasalimie wote walio uani.

Sijui.

Nakueleza nilipofika. Janice alipewa habari ile kutokana na ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu za watu. Nimemuuliza nani alidhurika na wapi, akanionyesha huo ujumbe, hakuna zaidi. Hilo halimaanishi ni uongo. Nimempigia muuguzi mmoja wa zahanati huko Kisauni, anasema hajapokea mgonjwa wa dawa hiyo, lakini yeye huwa zamu ya asubuhi tu. Wa zamu ya jioni hajashika simu. Watengenezaji wa dawa wamesema chupa zao ni salama, nao wangesema hivyo kwa vyovyote. Mtu wa afya wa kaunti ameniambia kuna shehena moja inayopimwa, na matokeo ni kesho kutwa. Hajui kama ndiyo mliyogawiwa.

Kwa hiyo msiimwage, na msiitumie. Chemsheni maji hadi yatokote kabisa, hata ya kupigia mswaki, na mtoto anayeharisha apelekwe zahanati, asingojee.

Chini ya chupa kuna nambari ndefu. Naihitaji niilinganishe na ile ya shehena inayopimwa. Kama Emmaculate hataona uzito, naomba aisome taratibu aniandikie. Nikijua nitawaandikia. Nikikosa kujua, nitawaandikia kwamba nimekosa.

Mwanao,
Kache

*

Magogoni
21 Mei, saa kumi na dakika kumi

Hujambo Kache? Sisi hatujambo. Sarah alipatwa na tumbo jana lakini leo amekula.

Nambari ni 4471 KS 0318. Nimesoma chupa saba, ya mamako, yangu, ya Justus, ya Achieng na tatu za nyumba za nyuma. Sita zinafanana. Ya Achieng mwisho wake ni 0319. Nimezipiga picha zote, nakutumia moja moja, kila picha nimeandika ni ya nani.

Maji yapo jikoni, yanatokota. Tunakungoja.

Jirani yako,
Emmaculate